Mtungi wa hewa wa peintiboli: 48/3000 au 68/4500?

Swali: Baada ya kukodi vifaa kwa muda mrefu, nimenunua bunduki yangu ya peintiboli (mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi), ya kawaida isiyotumia betri, inayohitaji presha ya 800 psi (pauni kwa inchi ya mraba) hivi. Kilichobaki ni mtungi. Nimeonyeshwa wa alumini wa 48/3000 na wa kaboni wa 68/4500. Rafiki yangu ananishauri niachane na hewa nichukue CO2 (kabonidioksidi). Tena kuna mchezaji anayeuza mtungi wa kaboni wenye umri wa miaka saba kwa bei ya kutupwa. Huwa nacheza mara moja au mbili kwa mwezi. Nichukue upi, na nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Jibu: Ijue kwanza kompresa (mashine ya kujazia hewa) ya kiwanja chako, mtungi utafuata. Mtungi wa psi 4500 unaojazwa psi 3000 kila siku ni theluthi moja ya pesa yako imelala bure. Kwa hiyo muulize anayehusika na kujaza mambo matatu: mashine inafikia presha gani (hasa mchana, foleni ikiwa ndefu na matangi yao ya akiba yamepungua), malipo ni kwa kila mara unapojaza au kwa siku nzima, na ni alama gani na tarehe zipi wanazozikubali kwenye mtungi. Hilo la tatu wengi hulisahau, kisha hugombana na mhudumu mlangoni.

Wakifika 4000 au 4500, nunua 68/4500 mpya. Wakiishia 3000 na kujaza ni bei moja kwa siku nzima, 48/3000 ya alumini itakutosha wewe mchezaji wa mara moja au mbili kwa mwezi, na pesa inayobaki utanunulia miwani nzuri. CO2 iache. Huo wa miaka saba unahitaji hesabu, nayo nitaifanya hapa chini.

Namba zina maana gani

Namba ya kwanza ni nafasi ya ndani kwa inchi za ujazo. Ya pili ni presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, kwa psi. Inchi 48 ni sawa na lita 0.79, na inchi 68 ni lita 1.11. Psi 3000 ni baa 207, na psi 4500 ni baa 310. Ukizidisha ujazo kwa baa unapata kiasi cha hewa ya kawaida kilichobanwa humo: 0.79 × 207 ni lita 163, na 1.11 × 310 ni lita 344. Hesabu hii ya pili ina chumvi kidogo, maana hewa ikishabanwa karibu na baa 300 huanza kukaidi kanuni ya Boyle (presha ikiongezeka, ujazo hupungua kwa uwiano uleule) na kubanika kwa shida zaidi. Toa kama asilimia 10, ubaki na lita 310 hivi.

Hapo bado hatujagusa jambo linaloamua zaidi. Bunduki yako inataka 800 psi. Mtungi ukishuka karibu na kiwango hicho, regyuleta (kifaa cha shingoni kinachoshusha presha) haina tena cha kushusha: kasi ya vidonge inaanza kupungua, na unachobaki nacho ndani ni hewa ambayo huwezi kuitumia. Psi 850 kati ya 3000 ni asilimia 28 ya ulicholipia. Psi 850 kati ya 4500 ni asilimia 19. Ndiyo maana mtungi wa 68/4500 huipita 48/3000 kwa zaidi ya mara mbili uwanjani, ingawa ukiitazama kwa macho unaona tofauti ndogo tu ya umbo.

Wachezaji wana kanuni ya makadirio: vidonge 10 kwa kila inchi ya ujazo kwenye mtungi wa 3000, na 15 kwa kila inchi kwenye wa 4500. Inakupa 480 kwa 48/3000, 1020 kwa 68/4500, na 1155 kwa 77/4500. Ni makadirio, bunduki yenye sili zilizochoka au mtutu mpana kuliko kidonge itakula hewa zaidi, na baadhi ya bunduki za betri zitakula kidogo. Lakini yanatosha kwa kupanga siku. Hopa (chombo cha vidonge juu ya bunduki) ya kawaida hubeba vidonge 200, na kopo moja la kiunoni 140. Hopa na makopo mawili ni 480 kamili, ndiyo 48/3000 yako yote. Ukiingia mchezoni na makopo manne na mtungi huo, mawili umebeba kama mzigo tu.

Sasa angalia hali ya kati: mtungi wa 68/4500 kwenye kiwanja kinachoishia 3000. Unapata 68 × 10, yaani vidonge 680. Bado ni vingi kuliko 480. Kwa hiyo mtungi wa kaboni haukuangushi kwenye kompresa dhaifu. Unakunyima tu sehemu ya faida yake. Kinyume chake hakiwezekani hata kidogo: mtungi wa 3000 haujazwi 3100, sembuse 4500, hata kama bomba la kiwanja linaingia vizuri kwenye nipeli yake (mdomo mdogo wa kujazia). Nipeli ni ya aina moja kwa mitungi yote miwili, na hapo ndipo ajali hupitia. Mtungi wako ukiwa wa 3000, mwambie mhudumu kwa mdomo kila mara.

Uzito

Mtungi wa alumini wa 48/3000 pamoja na regyuleta huwa na karibu kilo moja na nusu. Wa kaboni wa 68/4500 huwa na kilo moja na robo hivi, kutegemea kampuni na regyuleta, huku ukibeba hewa mara mbili. Sababu ni kwamba alumini peke yake lazima iwe nene ndiyo istahimili presha, wakati mtungi wa kaboni una ganda jembamba la alumini ndani, na nguvu inatoka kwenye nyuzi za kaboni zilizozungushwa na kugandishwa kwa gundi ya epoksi. Hewa yenyewe nayo ina uzito: 68/4500 iliyojaa ina gramu 350 hadi 400 za hewa, 48/3000 karibu 190. Anayecheza asubuhi hadi jioni huhisi bunduki ikiwa nyepesi kadiri mchezo unavyoendelea, na si kwamba mkono umezoea.

Mtungi pia ndio unaokaa begani. Wenye mikono mirefu hupenda 77 au 90 kwa sababu ya urefu zaidi kuliko hewa. Wafupi huona 68 tayari ni mkubwa na huchukua 45 au 50 ya 4500. Hilo usilisome kwenye jedwali. Omba mtungi wa mtu kiwanjani, ufunge, vaa barakoa yako, ulenge. Barakoa ikigonga hopa au shingo ikikunjika, saizi hiyo si yako.

Kwa nini si CO2

CO2 hukaa kama kimiminika ndani ya chupa, na presha yake inaamuliwa na joto. Kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi ni karibu 830 psi. Kwa nyuzi 0 inashuka hadi 500 hivi. Kwenye jua kali inapanda kupita kiasi. Kila unapopiga, kimiminika kinachemka kuziba pengo na chupa inapoa, hivyo ukipiga mfululizo kasi inaanguka. Ukiinamisha bunduki, kimiminika chenyewe huweza kuingia ndani na kugandisha sili. Bunduki nyingi za betri huharibika kwa namna hiyo. Yako ya kawaida ingevumilia, lakini ungekuwa unapima kasi upya kila wingu linapopita. Hewa iliyobanwa hupitia regyuleta na kutoka kwa presha ileile, mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo.

Tahadhari moja: chupa ya CO2 kwa kawaida imetengenezwa kwa 1800 psi. Hesi yake (nyuzi za skurubu) inayoingia kwenye bunduki ni ileile ya mtungi wa hewa, hivyo mgeni anaweza kudhani ni kitu kimoja. Usiruhusu mtu yeyote atie hewa ya kompresa ya peintiboli kwenye chupa ya CO2.

Regyuleta

Watu hulipia ganda na kusahau kwamba kitu kinachofanya kazi kila sekunde ni hiyo regyuleta iliyo shingoni. Kazi yake ni kushusha maelfu ya psi hadi presha moja inayotoka. Iliyo ya kawaida hutoa 800 hadi 850. Zipo zinazotoa 450 hivi, zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki za betri zenye presha ndogo. Zinapunguza kazi ya regyuleta ya ndani ya bunduki. Kwa bunduki yako hizo hazifai. Itakosa hewa, itapiga vidonge karibu, au haitajikoki kabisa, nawe utamlaumu fundi. Muulize muuzaji namba ya presha ya kutoka, usiridhike na jibu la "inafaa zote". Regyuleta fulani hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza washa nyembamba chini ya springi. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa mitungi, na mtungi ukiwa mtupu.

Kasoro kubwa ya regyuleta iliyochakaa ni presha kupanda polepole ukiwa umepumzika. Kiti cha sili ndani kinakuwa na mchubuko, hewa inapenya kidogo kidogo, na presha ya kutoka inapita kiwango chake. Kipimo chake ni rahisi: fungua hewa kwenye bunduki, iache dakika kumi bila kupiga, kisha piga kidonge cha kwanza juu ya mashine ya kupimia kasi, na vingine vitano mara moja baadaye. Kidonge cha kwanza kikiwa na kasi ya futi 15 kwa sekunde au zaidi kuliko vingine, kila mara, shuku regyuleta, ya mtungi au ya bunduki. Jaribu na mtungi wa mtu mwingine kabla ya kuhukumu. Hili si suala la ulengaji tu. Viwanja vingi vya burudani huweka ukomo kwenye futi 280 kwa sekunde, yaani mita 85, na mita 91 (futi 300) ndiyo mwisho wa kawaida wa mchezo mzima. Kidonge cha gramu 3 kwa kasi hiyo hubeba jouli 12 hivi. Ndiyo maana kila unapobadilisha mtungi unarudi kupima kasi, hata kama asubuhi ulishapima.

Kwenye mwili wa regyuleta utaona visikurubu viwili vyenye tundu dogo katikati au ubavuni. Ndani ya kila kimoja kuna kisahani chembamba cha usalama kinachopasuka presha ikizidi. Cha upande wa mtungi hupasuka kwenye 5000 psi kwa mtungi wa 3000, na 7500 kwa mtungi wa 4500. Cha upande wa bunduki hupasuka kwenye 1800. Kikipasuka kinatoa mlio wa kutisha na hewa yote inatoka. Mtungi uweke chini, subiri, usijaribu kuziba kwa kidole. Cha mtungi kikipasuka, kwa kawaida ama umejazwa kupita kiasi au kimechoka. Cha bunduki kikipasuka, mara nyingi ni ile regyuleta inayopandisha presha. Mtu akikupa kisahani chenye namba kubwa zaidi "ili kisikusumbue tena", ameondoa ulinzi pekee uliobaki kati ya ganda na kosa la mhudumu.

Huo wa miaka saba

Tafuta tarehe. Kwenye alumini imegongwa kwenye bega la mtungi, pamoja na maandishi kama DOT-3AL3000. Kwenye kaboni iko kwenye lebo iliyofunikwa na epoksi. DOT ni alama ya Marekani, TC ya Kanada. Mitungi ya Ulaya hubeba alama ya CE au ya herufi π. Kila mfumo una kipindi chake cha kupimwa, na kiwanja chako hufuata mfumo mmoja au zaidi, ndiyo maana nikakwambia uulize mapema.

Tuchukue utaratibu wa Marekani, unaokutana nao kwenye mitungi mingi ya mchezo huu. Mtungi hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5: unajazwa maji, unasukumwa hadi mara moja na theluthi mbili ya presha yake ya kazi (5000 kwa mtungi wa 3000, na 7500 kwa wa 4500), kisha wanapima umetanuka kiasi gani na kama umerudi. Alumini ikifaulu inaendelea bila ukomo wa umri. Kaboni kwa kawaida mwisho wake ni miaka 15 tangu kutengenezwa, hata kama unang'aa.

Mtungi wa miaka saba basi ulipaswa kupimwa ulipofika mitano. Kama una lebo ya kipimo hicho, una miaka mitatu hivi hadi kipimo kingine, na minane hadi mwisho. Kama hauna, umepitwa na wakati kwa miaka miwili na hakuna kituo makini kitakachoujaza. Ukipimwa leo utafika mwaka wa 12, upimwe tena, umalizie mitatu. Fanya hesabu hii: bei ya muuzaji, ongeza gharama ya vipimo viwili, ongeza sili mpya za regyuleta, gawa kwa 8. Halafu chukua bei ya mpya, ongeza vipimo viwili, gawa kwa 15. Mara nyingi utakuta rahisi imegeuka ghali. Na ukipimwa ukashindwa, pesa imekwenda. Mwambie muuzaji aupime kwanza. Akikataa, umepata jibu.

Ukiamua kuutazama, vua jaketi yake. Jaketi za mpira hukinga mtungi, lakini pia huficha makovu na kuhifadhi unyevu. Pitisha kidole pole pole juu ya ganda zima. Michubuko midogo ya rangi na epoksi ya juu si tatizo. Uzi wa kaboni uliokatika au kunyanyuka, sehemu yenye weupe unaoonyesha epoksi imeachana na nyuzi, bonde lililobonyea, alama ya kuungua, au dalili kwamba umekaa na kemikali: hapo uache, au upelekwe kituo cha kupimia kabla haujaguswa na hewa. Kwenye alumini tafuta mkwaruzo unaoshika ukucha, kubonyea, na vishimo vya kutu nyeupe chini ya jaketi. Rangi mpya kwenye mtungi wa zamani ikutie shaka kila mara. Alumini iliyopakwa rangi ya unga na kuokwa kwenye oveni hupoteza ugumu uliopatikana kiwandani kwa moto na upoozaji maalumu, na jicho haliwezi kuliona hilo. Na lebo isiyosomeka ni sawa na mtungi usio na cheti, wapimaji hawataupokea.

Angalia pia kama regyuleta iliyopo ndiyo iliyokuja na ganda. Shingo za mitungi zina hesi za aina mbili kuu, 5/8-18 na M18×1.5, na hazichanganywi. Usiifungue kuangalia, tazama kama kuna dalili za koleo kwenye shingo, na muulize mwenyewe aliibadilisha lini na nani aliifunga.

Kujaza

Vaa miwani. Weka kizibo cha mtutu kama mtungi bado uko kwenye bunduki. Futa nipeli kwa kitambaa kikavu na safi, maana chembe moja ya mchanga ikisukumwa ndani na baa 300 inakaa kwenye vali ndogo isiyorudisha, na mtungi utavuja mpaka nipeli ibadilishwe. Funga koki ya kutolea hewa, sukuma kiungo hadi kibane, kisha fungua hewa polepole. Ukifika presha uliyotaka, funga hewa, fungua koki ya kutolea ili bomba liishiwe, ndipo uvute kiungo. Anayevuta kabla bomba halijaisha hewa atahangaika bure, na akilazimisha ataharibu kiungo.

Polepole maana yake dakika moja au zaidi. Hewa ikibanwa haraka inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Mtungi uliofikia nyuzi 50 ukisoma 3000 utakuwa 2700 ukishapoa hadi nyuzi 20, asilimia 10 imepotea ingawa hakuna kilichovuja. Wengi wanaolalamika kwamba wameibiwa hewa, wameharakishwa tu. Uache upoe, urudi uongezewe. Na usitegemee sana geji ndogo kwenye regyuleta. Inaonyesha kama umejaa au umeisha, basi. Ya kuamini ni geji ya kituo.

Nipeli haipakwi mafuta. Wala grisi, wala dawa ya kulainisha ya makopo. Hewa ya presha kubwa ikiingia ghafla kwenye njia nyembamba hupandisha joto kiasi cha kuwasha mafuta, kwa namna ileile injini ya dizeli inavyowaka bila plagi. Kwa sababu hiyohiyo hewa ya kawaida au naitrojeni ndizo pekee zinazoingia kwenye mtungi huu. Oksijeni kamwe.

Wapo wanaotaka kujaza nyumbani kwa mtungi wa wapiga mbizi. Inawezekana, ila ujue mipaka. Mtungi wa lita 11.1 wenye baa 207 ukiunganishwa na 48/3000 tupu, presha inagawana: ujazo wa kwanza unapata baa 193, wa pili 180, wa tatu 168, wa nne 157. Ukianza na mabaki mtungini matokeo ni bora kidogo. Kwa 68/4500 njia hii haifai, hutafika hata 3000. Pampu za mkono zinafika 4500, lakini ni mamia ya mapigo yenye jasho, na zisipokuwa na kichujio cha unyevu zinaingiza maji yatakayokula alumini kutoka ndani. Kompresa ndogo ni nzuri kama unaipumzisha na kubadilisha kichujio kwa wakati. Kwa mtu anayecheza mara mbili kwa mwezi, sioni sababu.

Ukivuja

Sikiliza hewa inatokea wapi, au paka maji ya sabuni. Kati ya mtungi na bunduki ni oringi (pete ya kuzuia kuvuja) ya kichwani, saizi 015: kipenyo cha ndani milimita 14, unene 1.78. Nunua ya polyuretheni yenye ugumu wa 90. Ile nyeusi laini ya dukani hulipuka baada ya siku chache. Nunua ishirini kwa mpigo, ndicho kifaa kinachoharibika kuliko vyote na ni rahisi kuliko vyote. Hewa ikitoka kwenye nipeli mara tu baada ya kujaza, ni vali yake. Jaribu kuunganisha na kukata hewa mara moja tena, wakati mwingine chembe huondoka. Ikiendelea, nipeli mpya. Ikitoka kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa regyuleta kisichokuwa cha kisahani, ni sili za pistoni ya ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikitoka pale regyuleta inapokutana na ganda, usifanye chochote isipokuwa kuupeleka.

Hapo ndipo penye hatari halisi. Unapofungua mtungi kutoka kwenye bunduki, tazama ni kipi kinachozunguka. Mtungi na regyuleta vizunguke pamoja. Ganda likizunguka peke yake na regyuleta ikabaki kwenye bunduki, unafungua shingo yenye maelfu ya psi, na ikiachia, ganda litaruka kama kombora. Chora mstari wa rangi ya kucha unaovuka kutoka regyuleta hadi ganda siku ya kwanza. Mistari ikipishana, acha, rudisha bunduki chini, piga hewa yote iishe kupitia mtutu, kisha mtafute fundi. Kama bunduki yako haina koki ya kuzima hewa, nunua moja: inafungwa pale mtungi unapoingia, inakuruhusu kuondoa presha kabla ya kufungua, na oringi zako zitadumu.

Ukimaliza siku, usiumwage mtungi kabisa. Acha psi 300 hadi 500 ndani, zinazuia unyevu na uchafu kuingia. Weka vifuniko vya nipeli na vya hesi. Usiuache kwenye gari lililofungwa juani. Na mtungi wa kaboni uliopitia moto unastaafishwa hata kama haujabadilika rangi. Ukisafiri kwa ndege lazima uwe mtupu, na baadhi ya mashirika hutaka regyuleta iwe imetolewa ili waone ndani; waulize mapema na umlipe fundi kuitoa na kuirudisha. Mtungi wa kaboni ukifika miaka yake 15, toa hewa yote, mwambie fundi atoe regyuleta na kukata hesi za shingo, ili asije mtu akauokota akautia hewa.